Nalala na simu chini ya mto, na mikono yangu siiamini tena

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 36, na kwa miaka 9 sasa kazi yangu ni kutoa dawa za usingizi na ganzi katika hospitali ya wilaya iliyoko Kanda ya Ziwa. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikwenda masomoni mwezi wa pili, na tangu siku hiyo hakuna upasuaji unaofanyika hapa, mchana wala usiku, bila mimi kukaa kichwani mwa meza. Nalala na simu chini ya mto, na mume wangu amezoea kuniwashia taa kabla sijafumbua macho vizuri, kwa sababu anajua kwamba ikilia saa nane usiku ni wodi ya wazazi.

Nakuandikia kwa ajili ya usiku mmoja, wiki 6 zilizopita. Siku hiyo niliamka saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Orodha ya upasuaji wa kupangwa ilikuwa na wagonjwa wanne: wawili wa ngiri, mmoja wa uvimbe wa kizazi, na mtoto mwenye jipu la paja aliyehitaji ketamini, dawa ya usingizi. Tulimaliza saa kumi jioni. Saa tatu usiku nikaitwa kwa dada mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi, tumbo limejaa damu, tukamtoa chumba cha upasuaji saa sita kasoro robo. Nilirudi nyumbani nikajilaza, lakini usingizi haukuja kwa kuwa masikio yangu yalikuwa kwenye simu. Saa tisa usiku ikalia kweli: mama wa mimba ya kwanza, uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama hashuki, na mapigo yake yameshuka.

Nilipofika nilimkalisha mezani, nikamsafisha mgongo, na muuguzi kijana kutoka leba, msichana ambaye hajamaliza hata mwaka kazini, akamshika mabega ili asijinyooshe. Ilikuwa yapata saa tisa na nusu. Nikapeleka mkono kwenye trei, nikachukua ampuli, kichupa cha kioo cha dawa ya sindano, nikaivunja, nikavuta mililita 2. Yule msichana akasema kwa sauti ndogo, "Dada, samahani, hebu nisomee hiyo dawa." Nikamjibu kwa ukali kwamba kazi hii naifanya tangu yeye yuko shule, amshike mama vizuri. Akarudia, "Dada, naomba tu uisome." Nikaigeuza ampuli kwenye taa kwa hasira, nia yangu ikiwa ni kumwonyesha kwamba hajui anachokisema, na nikakuta imeandikwa asidi traneksamiki. Ilikuwa dawa ya kuzuia damu iliyobaki kwenye trei tangu upasuaji wa yule dada wa saa tatu usiku, ampuli ya kioo kisicho na rangi, ukubwa wake karibu sawa na ile ya bupivakaini, dawa ya ganzi ya mgongo niliyokuwa naitaka, maandishi madogo madogo.

Nikaiweka kando, nikavuta dawa yenyewe katika bomba jipya, nikachoma. Mtoto alilia saa kumi kasoro dakika tano, wa kike. Mama yake, ambaye alikuwa macho muda wote na hakujua lolote, akaniuliza jina langu ili ampe mtoto. Nikamtajia jina lisilo langu.

Tangu hapo sijamwambia mtu, na yule msichana naye hajasema kitu. Mimi wala sijamshukuru. Tukikutana kwenye korido naangalia chini. Usingizi umenipotea. Kwanza nilikuwa nakunywa kidonge kimoja cha diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, siku za mapumziko, ingawa mapumziko yenyewe ni ya jina tu, sasa nakunywa karibu kila usiku, na ninavipata kazini, sitaki kukuficha. Kazini nasoma ampuli moja mara tano na bado siamini macho yangu. Nimekuwa mkali. Wiki iliyopita mama mmoja alilia kwamba anahisi kuvutwa tumboni wakati wa upasuaji, nikamwambia anyamaze kwani anamsumbua daktari, na baadaye nikaenda chooni nikalia mimi.

Nilimwomba Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, likizo bila kumweleza sababu. Alinijibu, "Ukiondoka wewe, akina mama wafe?" Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli, hospitali ya mkoa iko mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari la wagonjwa.

Naomba unishauri. Je, nitoe taarifa ya jambo ambalo halikumdhuru mtu, wakati najua linaweza kuninyima kazi? Je, nina haki ya kukataa kuitwa usiku nikiwa nimechoka, wakati kukataa kwangu ni kifo cha mtu? Au niiache kazi hii kabla sijaua?

Mtaalamu wa usingizi, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale uliposema ulimtajia yule mama jina lisilo lako. Mimi nilikaa kichwani mwa meza ya upasuaji kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na ninajua kwamba mtu hamfichi jina mgonjwa aliyemtendea vema isipokuwa awe ameshajihukumu. Naanza na hukumu hiyo, kwa kuwa maswali yako yote matatu yamesimama juu yake.

Uzito wa jambo lenyewe siupunguzi. Asidi traneksamiki ikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo humletea mgonjwa maumivu makali ya mgongo na miguu ndani ya dakika chache, kisha degedege na mapigo ya moyo kuvurugika, na katika visa vilivyoripotiwa karibu nusu ya waliopatwa walifariki. Ulikuwa umebakiza hatua moja. Lakini ujue pia kwamba mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa nchi zote kuhusu kosa hili hili, la kuchanganya ampuli ya dawa hiyo na ya ganzi ya mgongo, na shirika kama lile halitoi tahadhari ya dunia nzima kwa sababu ya muuguzi mmoja mzembe. Dawa yenyewe ni ya kuokoa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba mama anayetoka damu nyingi akipewa dawa hiyo kwa njia ya mshipa ndani ya saa 3 tangu ajifungue, hatari ya kufa kwa kutoka damu hupungua. Ndiyo maana leo iko katika vyumba vingi vya upasuaji. Iliingia kwenye trei zetu kwa sababu njema, ila katika hospitali nyingi hakuna aliyekaa chini akafikiri ikae kabati gani. Mtego wako ulitegwa saa sita kasoro, pale ampuli iliposahaulika kwenye trei. Saa tisa na nusu ulikuwa unakungojea tu.

Na wewe uliyeufikia mtego huo ulikuwa macho kwa saa 21 na nusu. Nimezihesabu kutoka kwenye barua yako. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 1997 matokeo ya kuwapima watu waliokesha na kuwalinganisha na watu waliokunywa pombe, wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya mikono na macho kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na akifikisha saa 24 anakuwa kama mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho katika nchi nyingi dereva akikutwa nacho ananyang'anywa usukani. Wewe ulikuwa katikati ya hizo mbili, mkononi una sindano ya mgongo, mbele yako mama na mtoto wake. Uchovu huo hauondolewi na uzoefu wa miaka 9 wala na upendo wa kazi. Tena una tabia moja mbaya kuliko pombe: aliyechoka hajijui, na akiulizwa huwa mkali, kama ulivyokuwa mkali wewe.

Nitakueleza langu, maana sikuzaliwa nikiyajua haya. Mwaka 1994, alfajiri moja baada ya usiku wa namna ile ile, nililaza usingizi baba mmoja mwenye ngiri iliyonaswa. Wakati huo hatukuwa na kipima oksijeni cha kidoleni. Tulikuwa na kidole chetu juu ya mshipa wa mgonjwa, na macho. Mrija wa hewa uliingia kwenye umio badala ya koo la hewa, nami nikiwa na hakika kabisa kwamba umekaa panapostahili. Aliyegundua ni daktari wa upasuaji, aliposema, "Sista, damu yako nyeusi." Nikauchomoa, nikampa hewa kwa barakoa, rangi ikarudi, lakini ubongo ulikuwa umeshakosa hewa kwa muda. Hakuzinduka, na siku ya tatu akafariki. Hakuna aliyeniuliza kitu, wala kwa kunilaumu wala kwa kunipa pole. Saa nne asubuhi ile ile nilikuwa nimeshamlaza mgonjwa mwingine. Ilinichukua miaka 6 kumweleza mtu, na mtu huyo alikuwa dada yangu mkubwa, mkulima, ambaye hakuelewa nusu ya maneno yangu lakini alikaa nami hadi jua likazama. Mwaka 2000 daktari mmoja wa Marekani, Albert Wu, aliandika kwamba kosa la hospitali huwa na mhanga wa kwanza, ambaye ni mgonjwa, na mhanga wa pili, ambaye ni mhudumu aliyelifanya. Nilipokuja kuyapata maneno hayo nilishangaa kwamba hali yangu ilikuwa na jina muda wote nilipodhani ni udhaifu wangu mwenyewe. Kusoma ampuli mara tano, kuangalia chini kwenye korido, ukali wa ghafla na kulia chooni ndiyo hali hiyo, na inatibika, ila haitibiki kwa kuifungia kifuani.

Sasa swali lako la kwanza. Ndiyo, toa taarifa, tena wiki hii. Iandike kwa ukurasa mmoja, na usiianze kwa kuomba radhi. Anza na trei: dawa gani ziliachwa juu yake, na tangu saa ngapi. Andika saa uliyoamka, idadi ya wagonjwa uliowahudumia, saa ya tukio, na jinsi kosa lilivyogunduliwa, ukimtaja aliyeligundua kwa sifa. Malizia na unachopendekeza kibadilishwe. Ipitishe kwa Muuguzi Mfawidhi iende kwa Mganga Mfawidhi, omba ijadiliwe na timu ya uboreshaji wa huduma, na nakala moja ibaki kwako. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayekunja uso. Lakini anayeleta mwenyewe habari ya hatari ambayo haijamdhuru mtu, pamoja na njia ya kuiziba, anasikilizwa tofauti kabisa na yule ambaye habari yake imefika kwa minong'ono, na hapo kwenu tayari yuko mtu mmoja anayeijua. Zaidi ya hayo, ampuli zile mbili bado ziko pamoja. Mwenzako atarudi kutoka masomoni na kupeleka mkono kwenye trei hiyo hiyo.

Yule mama hudaiwi kumsimulia, kwa maoni yangu. Hakuna kilichoingia mwilini mwake, na habari hiyo ingemwachia hofu bila kumpa faida yoyote. Jina lako la kweli tu ndilo analodai, ukikutana naye kliniki ya mtoto.

Mapendekezo yenyewe si ya gharama. Asidi traneksamiki iondoke kabisa kwenye kabati na trei ya dawa za usingizi, ikae katika sanduku la dharura ya kutoka damu, na iletwe inapoitwa. Unapochoma mgongo, juu ya trei iwepo ampuli ya dawa ya mgongo peke yake, na efedrini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu likishuka, ikae kando ikiwa kwenye bomba lenye plasta iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kabla hujavuta, soma jina kwa sauti na mtu wa pili asome kwa sauti, hata kama mtu huyo ni mhudumu wa usafi anayejua kusoma tu. Ampuli tupu isitupwe hadi mama atoke chumbani. Huenda mnayo ukutani ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, imening'inia na vumbi lake. Ilipojaribiwa kati ya mwaka 2007 na 2008 katika hospitali 8 duniani, moja ikiwa hapa hapa nchini, Ifakara, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Watu huisifu kwa visanduku vyake vya kuweka alama. Mimi naisifu kwa jambo ambalo wengi hulirukaruka, lile la kila mtu aliyemo chumbani kutaja jina lake na kazi yake kabla kisu hakijagusa ngozi, kwa kuwa msichana mwenye miezi kumi kazini akishatamka jina lake mbele ya daktari, kinywa chake kinakuwa kimeshafunguka, na saa tisa usiku atathubutu kusema, "Dada, hebu nisomee hiyo dawa." Huyo wako alithubutu bila kufunguliwa na mtu.

Swali la pili ndilo gumu, nami nimelizunguka siku mbili kabla ya kukaa kuandika. Mama mwenye uchungu pingamizi, ambaye hospitali ya mkoa iko mbali naye kwa saa mbili na nusu, humkatai. Mtaalamu wa usingizi aliyechoka, anayesomewa dawa kwa sauti na mtu wa pili, ni bora kuliko kutokuwepo kabisa. Ila hapo ndipo wakubwa wako wanapokosea hesabu, na wewe umeikubali hesabu yao: wanakuonyesha dharura, kana kwamba kilichokuchosha ni dharura peke yake. Wagonjwa wawili wa ngiri na mmoja wa uvimbe wa kizazi hawakuwa dharura. Usiku hospitali haiwezi kuuamuru, lakini asubuhi inayofuata iko mikononi mwake kabisa. Kwa hiyo usiombe kusamehewa usiku. Omba kwa maandishi kwamba kila ukifanya kazi baada ya saa sita usiku, orodha ya kupangwa ya siku inayofuata iahirishwe au ianze mchana, hadi utakapokuwa umelala. Ngiri isiyouma inasubiri hadi kesho kutwa bila madhara, na mgonjwa wake akielezwa kwamba anayetakiwa kumlaza usingizi amekesha, atakuwa wa kwanza kukubali kusubiri.

Kaa pia na daktari wenu na mkunga kiongozi, mkubaliane ni nani hasa wa kuitiwa usiku wa manane. Kitovu kilichotangulia, kondo la nyuma lililoachia, mji wa mimba unaoelekea kuchanika, mapigo ya mtoto yaliyoshuka, hao hawana saa. Lakini mama mwenye kovu la upasuaji wa uzazi uliopita ambaye uchungu haujaanza na mtoto wake yuko salama anaweza kuandaliwa vizuri akafanyiwa upasuaji saa moja asubuhi, akiwa na watu walio macho. Nimefanya kazi mahali ambapo nusu ya simu za usiku zilikuwa za namna hiyo, na zilipigwa usiku kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuuliza kama zinaweza kungoja.

Lile la kuwa peke yako si lako kulitatua, ila ni lako kuliandikia. Katibu wa Afya wa hospitali yenu ndiye anayeshika mambo ya watumishi. Mwandikie, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, uombe mtaalamu wa kuazimwa kutoka hospitali ya mkoa au kituo cha afya kinachofanya upasuaji, hata kama ni wikiendi mbili kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ni kweli kwamba inaiweka kando kazi ya dharura isiyoweza kufanyika katika saa za kawaida, na utaambiwa hivyo. Ukiambiwa, waonyeshe daftari la chumba cha upasuaji tangu mwezi wa pili, na uwaulize kwa adabu kama jambo linalotokea kila wiki kwa miezi mfululizo bado linaitwa dharura au limekuwa ratiba. Na ukiulizwa tena, "Akina mama wafe?", jibu lipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia akina mama zaidi ya 3,600 waliojifungua kwa upasuaji katika nchi 22 za Afrika, wakafariki 20 kati yao, na moja ya mambo yaliyoambatana na vifo hivyo lilikuwa matatizo ya dawa za usingizi na ganzi. Wewe unaomba kulala kwa ajili ya akina mama hao hao anaokutajia.

Kuhusu diazepamu nitakuwa mkali, na unisamehe. Inakaa mwilini muda mrefu. Kidonge cha saa nne usiku bado kiko kwenye damu yako simu inapolia saa tisa, na kesho yake mchana pia kipo. Usiende tena kichwani mwa meza ukiwa umekinywa. Lakini kama umekuwa ukikinywa karibu kila usiku kwa wiki kadhaa, usikikate ghafla peke yako, kwa kuwa mwili unaweza kukurudishia kukosa usingizi, mitetemo, na hata degedege. Nenda kwa daktari wa afya ya akili wa hospitali ya mkoa, au daktari yeyote unayemwamini aliye nje ya hospitali yenu, umweleze kiasi na muda bila kupunguza, akupunguzie dozi taratibu huku umetolewa kwenye zamu. Ukiona haya, kumbuka kwamba kada yetu ndiyo inayokaa na funguo za kabati la dawa hizi, na wenzetu wengi, wa hapa na wa ng'ambo, wameteleza pale pale uliposimama wewe. Waliojieleza mapema walitibiwa wakarudi kazini. Nimewaona kwa macho yangu. Vidonge vilivyobaki nyumbani mkabidhi mumeo leo. Na nalazimika kukuuliza jambo ambalo hukuliandika: ikiwa umewahi kuwaza kujidhuru, hata mara moja, mwambie mumeo usiku huu, na usiingie chumba cha upasuaji peke yako hadi umeonana na daktari. Siulizi kwa kukushuku. Nauliza kwa sababu dawa zote zinazohitajika ziko mikononi mwako.

Yule mama uliyemwambia anyamaze, ningependa tumrudie kidogo. Mama aliyechomwa mgongo yuko macho, amefungwa kitambaa mbele ya uso, hasikii miguu yake, na katika chumba kizima uso pekee anaouona ni wako. Kuvutwa anakokuhisi ni kweli, kwa kuwa ganzi huondoa ukali wa kisu lakini mkono wa daktari ndani ya tumbo husikika kama mzigo unaosukumwa. Mweleze hivyo kabla upasuaji haujaanza, kwamba atahisi kusukumwa na kuvutwa bila maumivu, na kwamba akihisi maumivu yenyewe akuambie nawe utaongeza dawa. Mshike bega. Maneno hayo hayachukui nusu dakika, nawe uliyajua miaka yote 9. Yamekukimbia kwa sababu hujalala, na yatarudi utakapolala. Ukikutana na mama huyo wodini, mwombe radhi kwa sentensi moja.

Kuacha kazi usikuamue sasa. Uamuzi wa mtu ambaye hajalala miezi minne ni wa uchovu, nami nisingependa uchovu ukuamulie maisha. Likizo yako ya mwaka ni siku 28. Iombe kwa barua, safari hii ukiambatanisha taarifa ya tukio na cheti cha daktari utakayemwona, ili anayekataa awe anakataa akiwa anajua anakataa nini, na kwa maandishi. Ipite likizo hiyo, ulale, watoto wakuzoee tena kama unao, kisha ndipo ujiulize kama unaipenda kazi hii. Ukiona hapana, kuna wodi na kliniki zinazohitaji muuguzi mwenye mikono yako, na hakuna aibu yoyote katika kuhama.

Kabla ya yote hayo, liko moja ambalo halihitaji barua wala kibali cha mtu. Wiki 6 zimepita, na msichana yule wa leba anakuona unaangalia chini kila mkipishana. Kwa umri wake ataelewa kwamba alikukosea, na siku nyingine, mbele ya mtaalamu mwingine mkali na ampuli nyingine, atanyamaza. Mtafute kesho kabla ya zamu, mwambie kwamba alikuwa sahihi na wewe ulikosea, na umwambie asante kwa jina lake.

Mama Mshauri